Damu ya Mjamzito na Onyo Inalolitoa Mapema

Damu ya mjamzito hubeba viashiria vingi vya hali ya mimba. Kiashiria ni kitu kinachoweza kupimwa ndani ya damu, ambacho kikizidi, kikipungua au kikionekana mahali kisipotakiwa, huonyesha kwamba mama au mtoto yuko hatarini. Kinaweza kuwa himoglobini inayobeba hewa ya oksijeni, kingamwili dhidi ya kaswende, kimelea cha malaria, sukari, homoni, au protini inayotolewa na kondo la nyuma.

Viashiria hivyo ni vya aina mbili. Aina ya kwanza hubainisha tatizo ambalo tayari lipo, hata kama mama hajisikii vibaya: upungufu wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI, malaria. Aina ya pili hukadiria hatari tu. Huonyesha kwamba mwanamke fulani ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kupata kifafa cha mimba, kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Aina ya kwanza ni ya zamani, bei yake ni nafuu, na sehemu yake kubwa hupimika hata kwenye zahanati. Aina ya pili ni changa, hudai mashine kubwa, na kwa sasa hupatikana zaidi katika nchi tajiri. Katika mkoa kama Katavi, maisha mengi zaidi yanategemea ile ya kwanza, ilimradi ifanyike mapema na majibu yake yafuatiwe na matibabu.

Mkoa wenye mimba nyingi za kwanza

Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Idadi imeongezeka zaidi ya maradufu katika miaka 10, na sehemu ya ongezeko hilo ni wakulima na wafugaji waliohamia kufuata ardhi na malisho. Wengi wanaishi mbali na mji. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda. Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, yako mbali pia, na vivyo hivyo vijiji vya Mlele na Mpimbwe. Mjamzito wa huko huanzia zahanati ya kijiji, kisha kituo cha afya, na tatizo likizidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Mpanda.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 uliiweka Katavi juu ya mikoa yote kwa mimba za utotoni. Kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Kwa anayesoma majibu ya damu, takwimu hiyo ina uzito wake, kwa kuwa mimba za umri huo kwa kawaida ni za kwanza. Mimba ya kwanza ndiyo inayoshambuliwa zaidi na malaria ya kondo la nyuma, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba. Msichana ambaye mwili wake bado unakua pia huanza ujauzito akiwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, akiba ambayo sasa lazima agawane na mtoto aliye tumboni.

Wingi wa damu

Kipimo kinachorudiwa mara nyingi kliniki ni cha wingi wa damu. Tone kutoka kidoleni huwekwa kwenye mashine ndogo, nayo hutoa kiasi cha himoglobini kwa gramu katika kila desilita ya damu. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 12. Kwa mjamzito mpaka huo hushuka hadi 11, kwa sababu wakati wa ujauzito maji ya damu, yaani plazima, huongezeka kwa karibu nusu, ilhali chembe nyekundu huongezeka kwa kiasi kidogo zaidi. Damu huwa nyepesi hata kwa mwanamke mwenye afya njema. Katika miezi mitatu ya kati, wepesi huo unapokuwa mkubwa zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unakubali hata 10.5.

Ikishuka chini ya 10, upungufu ni wa wastani. Chini ya 7 ni mkali, na mama huhitaji hospitali, pengine kuongezewa damu. Rangi ya viganja na ya ndani ya kope humsaidia mkunga kumshuku mwenye upungufu mkali, lakini wengi wenye himoglobini ya 8 au 9 huendelea na shughuli za shambani bila dalili inayoonekana kwa macho.

Hatari yenyewe hujitokeza siku ya kujifungua. Mwanamke yeyote anaweza kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, ila aliyeingia leba na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Utafiti wa WOMAN-2, uliofanyika Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia miongoni mwa wajawazito wenye upungufu wa damu, ulionyesha jambo la ziada. Waliokuwa na upungufu mkali hawakuumia tu zaidi walipotokwa na damu, bali pia walitokwa na damu nyingi mara kwa mara zaidi: asilimia 11.2, ikilinganishwa na asilimia 6.2 kwa wenye upungufu wa wastani. Uwezekano wao wa kufa au kunusurika chupuchupu ulikuwa takriban mara 7 ya ule wa wenye upungufu wa wastani.

Sababu za upungufu katika ukanda huu hukaa pamoja mwilini: lishe yenye madini machache ya chuma, malaria, minyoo ya safura, kichocho, kuzaa kwa kufuatana na, kwa baadhi, sikoseli. Ndiyo maana tiba haiishii kwenye vidonge vya FEFO, vyenye chuma na folik asidi, vinavyotolewa bure kliniki. Mjamzito hupewa pia dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza, chandarua chenye dawa na kinga ya malaria. Vidonge vya chuma hufanya kazi vizuri zaidi visipomezwa pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa.

Malaria iliyojificha kwenye kondo

Mtu mzima aliyekulia kwenye eneo la malaria huwa na kinga ya kiasi. Mwanamke anapopata mimba ya kwanza, sehemu ya kinga hiyo haimsaidii. Maelezo ya jambo hilo yalipatikana mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy walipochunguza kondo za wanawake wa magharibi mwa Kenya. Waligundua kuwa chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria hunata kwenye kondo kwa kushika molekuli maalumu iliyoko huko. Vimelea hivyo ni vya namna ambayo mwili wa mwanamke haujawahi kukutana nayo, kwa sababu kabla ya mimba hapakuwa na kondo la kuvihifadhi. Kadiri mimba zinavyofuatana, mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake.

Matokeo kwa maabara ni kwamba vimelea vinaweza kujazana kwenye kondo huku damu ya kidoleni ikiwa na vichache mno. Kipimo cha haraka, mRDT, kinaweza kusoma hasi wakati kondo limeshambuliwa, na mama anaweza asipate hata homa. Kwa sababu hiyo, pamoja na kumpima mama anapoanza kliniki, wajawazito hupewa dawa ya SP kwa vipindi kuanzia miezi mitatu ya kati, angalau dozi tatu, hata kama kipimo hakionyeshi kitu. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU haongezewi SP, kwa kuwa dawa hizo ni za jamii moja na madhara yake huzidiana.

Kaswende, VVU na homa ya ini

Umuhimu wa tone moja la damu ulidhihirika Mwanza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Watafiti walifuatilia wanawake waliojifungua bila kupimwa kaswende wakati wa ujauzito. Miongoni mwa waliokuwa na maambukizi makali, asilimia 25 walizaa mtoto mfu. Kwa wasio na kaswende ilikuwa asilimia 1. Katika kundi zima la ambao hawakupimwa, takriban nusu ya watoto waliozaliwa wafu walihusishwa na kaswende. Sehemu ya pili ya utafiti ilitazama waliopimwa na kutibiwa kwa dozi moja ya sindano ya penisilini, na hatari yao ikalingana na ya wanawake wasio na ugonjwa.

Siku hizi kaswende na VVU vinaweza kupimwa kwa kitepe kimoja na majibu yakapatikana ndani ya dakika 20 hivi. Kwa VVU, bila hatua yoyote, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Mama akitumia dawa vizuri idadi hiyo hushuka chini ya 5. Kiashiria kinachofuatiliwa baada ya hapo ni wingi wa virusi: vikifubaa, hatari kwa mtoto hupungua sana. Kipimo cha homa ya ini aina ya B huonyesha mtoto gani anahitaji kulindwa zaidi saa za mwanzo baada ya kuzaliwa. Mwenza hupimwa pia, kwani mama aliyetibiwa kaswende kisha akarudi kwa mwenza asiyetibiwa huambukizwa upya.

Kundi la damu, sikoseli na sukari

Kundi la damu hupimwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kujua damu ya kumwongezea mama ikiwa atavuja. Ya pili ni Rhesus. Mama mwenye Rhesus hasi akibeba mtoto mwenye Rhesus chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili ambazo katika mimba zinazofuata huvunja damu ya mtoto. Waafrika wenye Rhesus hasi ni wachache, pengine 5 au pungufu katika kila 100, lakini kwao sindano ya anti-D, inayotolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua au mimba kuharibika, huokoa mimba za baadaye.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na sikoseli duniani. Mama mwenye ugonjwa huo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya maambukizi, kifafa cha mimba na kujifungua njiti, na anapaswa kufuatiliwa hospitali. Aliyerithi upande mmoja tu kwa kawaida hana shida, ila mtoto anaweza kuwa mgonjwa iwapo baba naye amerithi.

Kisukari cha mimba hutokea homoni za kondo zinapoizuia insulini kufanya kazi yake. Kipimo kamili ni cha kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mama ana kisukari cha mimba sukari yake ikifika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Sukari isiyodhibitiwa humfanya mtoto awe mkubwa kupita kiasi, leba iwe ngumu, na sukari ya mtoto ishuke ghafla baada ya kuzaliwa. Mahali pasipo na kipimo hicho, kituo huangalia historia: aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4, mwenye unene mkubwa, au mwenye ndugu wa damu wenye kisukari.

Kifafa cha mimba na protini za kondo

Kifafa cha mimba hutanguliwa na presha inayopanda hadi 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, mara nyingi ikifuatana na protini kwenye mkojo. Mashine ya presha na kitepe cha mkojo ndivyo vinavyougundua ugonjwa huo. Damu hueleza umefika wapi. Hospitali hupima chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, vimeng'enya vya ini na kreatinini ya figo. Chembe sahani zikishuka chini ya 100,000 kwa kila maikrolita, vimeng'enya vya ini vikapanda na chembe nyekundu zikawa zinavunjika, mama amefikia hali iitwayo HELLP, ambayo mara nyingi hudai mtoto azaliwe haraka.

Chanzo kiko kwenye kondo. Mimba inapojipandikiza, mishipa ya damu ya mji wa mimba inapaswa kupanuka ili kulisha kondo. Isipopanuka vya kutosha, kondo hukosa hewa na kuanza kumwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston, Marekani, lilionyesha kuwa sFlt-1 inapozidi hunasa protini nyingine, PlGF, ambayo kazi yake ni kuitunza mishipa. Mishipa ya mama ikikosa matunzo hayo hubana, presha hupanda na figo huanza kuvujisha protini. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba sFlt-1 hupanda wiki 5 hivi kabla ya dalili kutokea.

Kutoka hapo kikazaliwa kipimo cha uwiano wa protini hizo mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, kwa mwanamke anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, uwiano wa 38 au chini yake humaanisha kuwa karibu hakika hataupata katika wiki moja inayofuata. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa asilimia 99.3. Uingereza ilianza kupendekeza vipimo vya namna hii mwaka huohuo, na Marekani iliidhinisha cha kwanza mwaka 2023.

Tanzania nayo imechangia maarifa haya. Huko Muheza, mkoani Tanga, watafiti akiwemo Theonest Mutabingwa waliripoti mwaka 2006 kwamba wajawazito vijana wa mimba ya kwanza wenye malaria ya kondo walikuwa na presha mara nyingi zaidi, na kwamba protini hiyohiyo ya sFlt-1 ilikuwa imepanda. Malaria na presha ya mimba, ambazo kliniki huziandika kwenye safu tofauti, zinaweza kupita njia moja ndani ya kondo. Kwa mkoa wenye malaria na mimba nyingi za kwanza, chandarua na SP huenda vinalinda zaidi ya damu na uzito wa mtoto.

Kipimo cha sFlt-1 na PlGF hakimo katika huduma za kawaida za kliniki nchini, lakini kinga haikisubiri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, ianzishwe kabla ya wiki ya 20 kwa mwenye hatari kubwa: aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya zamani. Kalsiamu husaidia wanawake wanaokula vyakula vyenye kalsiamu kidogo. Jaribio kubwa lililofanyika India na Dar es Salaam, likihusisha wajawazito 11,000 katika kila nchi, lilionyesha mwaka 2024 kwamba miligramu 500 kwa siku haikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia kifafa cha mimba. Ugonjwa ukishakuwa mkali, magnesium salfeti hupunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu.

Homoni za miezi ya mwanzo

Katika nchi tajiri, damu huchukuliwa pia kati ya wiki ya 11 na 14 kupima protini ya kondo iitwayo PAPP-A na homoni ya hCG, ileile inayosomwa na kipimo cha mimba cha dukani. Pamoja na altrasaundi, viwili hivyo hukadiria uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa wa Down. PAPP-A ikiwa chini sana wakati mtoto hana kasoro ya kromosomu, kondo linaweza kuwa dhaifu, na mtoto hufuatiliwa ukuaji wake. Baadaye kidogo, protini ya AFP iliyopanda huashiria mgongo wazi au tatizo la kondo. Tangu Dennis Lo na wenzake walipoonyesha mwaka 1997 kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea kwenye plazima ya mama, kromosomu nazo zimeanza kuchunguzwa kwa damu ya mkononi.

Jinsi ya kusoma jibu

Kiashiria cha hatari hakitoi hukumu, na hesabu ndogo ya mfano inatosha kuonyesha hivyo. Katika wajawazito 1,000, 40 watapata ugonjwa fulani. Kipimo kinawanasa 32 kati yao, na kinawashuku kimakosa 96 kati ya 960 waliobaki. Walioambiwa wako hatarini ni 128, na watakaougua kweli ni robo yao. Walioambiwa wako salama ni 872, na 8 kati yao wataugua. Jibu la hatari kwa hiyo ni sababu ya kufuatiliwa kwa karibu, na jibu zuri halimruhusu mama kupuuza kichwa kinachouma sana, kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba, kutokwa na damu au mtoto kutocheza tumboni.

Muda nao una thamani. Aspirini ikichelewa nguvu yake hupungua, kaswende ya mapema hutibiwa kabla haijamdhuru mtoto, na himoglobini ya 8 inayogunduliwa wiki ya 10 ina miezi ya kupandishwa, ilhali ikigunduliwa wiki ya 36 imebakiza wiki chache tu. Mwongozo wa sasa ni kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12 na kuhudhuria angalau mara 8. Vipimo vya kwanza hurudiwa: wingi wa damu kadiri mimba inavyokua, VVU na kaswende katika miezi ya mwisho, presha na mkojo kila hudhurio. Dharura ikitokea, mfumo wa usafiri wa M-mama hupatikana kwa kupiga simu bila malipo namba 115, na ngazi ya rufaa huamuliwa kwa kuangalia pia majibu yaliyoandikwa kwenye kadi.

Majibu hayo hayaishi umuhimu mtoto akizaliwa. Aliyepata kisukari cha mimba hupimwa tena sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kwa kuwa uwezekano wake wa kupata kisukari cha kudumu ni mkubwa. Aliyepata kifafa cha mimba huendelea kuwa na hatari kubwa zaidi ya presha na maradhi ya moyo maishani, na mimba yake ijayo huanza kwenye orodha ya wanaohitaji aspirini. Mwenye Rhesus hasi huhitaji anti-D kila mimba. Kadi ya kliniki iliyotunzwa humwezesha mkunga wa zahanati nyingine, hata baada ya familia kuhama, kuanza huduma akijua hatari ambazo damu ya mama huyo iliwahi kuonyesha.